Madirisha Yaliyotazama Ng'ambo

Mzee aliingia kibandani kwangu siku ya soko, akasimama katikati ya sketi za shule nilizokuwa nimezitundika, akaniuliza kama nashona rido. Pale Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, pazia huitwa rido, na mwaka wa kwanza niliporudi nilichekwa sana kwa kusema pazia.

"Nashona, baba," nikamwambia. "Lete vipimo."

"Vipimo mi sina. Madirisha iko kumi na moja, na nyumba iko kisiwani. Utakuya wewe na mashini yako."

Nilidhani ananitania. Kitambaa ndicho kinachopelekwa kwa fundi, sijapata kusikia fundi anapakiwa kwenye boti kupelekwa kwa kitambaa. Lakini yeye alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaeleza bila haraka. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza injini za boti. Alipozeeka alijenga nyumba ya wageni katika kisiwa cha ukoo wao, nyuma ya rasi ya Ubwari, kisiwa kidogo ambacho babu zake walikitumia kuanikia tu ndagala, yaani dagaa. Vyumba vinne, baraza na jiko. Wageni walikuja kwa nadra: wafanyakazi wa mashirika waliochoka, maharusi kutoka Uvira. Mkewe alikuwa Amerika pamoja na watoto wao, na alitaka aonyeshwe kila dirisha kwa simu kabla kitambaa hakijakatwa.

"Ni nyumba yake, fundi," akasema. "Mi nilijenga tu."

Mama yangu hakupenda. Tunaishi wawili, mimi na yeye, na aliniuliza kisiwa gani hicho ambacho hakina hata kanisa. Alikubali aliposikia kwamba dada ya yule mzee, mjane mcha Mungu, ndiye mpishi wa huko. Akanifungia unga wa muhogo na chumvi, kama vile nakwenda mahali ambapo watu hawali.

Tuliondoka Baraka alfajiri. Kichwa cha cherehani nilikivika turubai nikakipakata, miguu yake ya chuma ikafungwa katikati ya boti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na hewa ilikuwa imeoshwa. Tukaivuka ghuba, tukafuata milima ya Ubwari hadi kwenye ncha yake, tukaizunguka. Na hapo ziwa likafunguka lote, na upande wa pili nikaona milima ya Tanzania. Haikuwa ukungu wala wingu. Ilikuwa milima yenyewe, ya buluu, ina mabonde na migongo.

Nilimwomba mzee apunguze mwendo. Akaniuliza kama nataka kutapika. Nikamwambia hapana, nataka kuangalia.

Mimi nililelewa ng'ambo ile. Wakati wa vita mama alinivusha mgongoni nikiwa sijaota meno, na nilirudi nikiwa na miaka kumi na minne. Yote ninayoyajua ya utotoni niliyajulia kambini, katika udongo mwekundu wa Kigoma. Kutoka Baraka huwezi kuiona Tanzania kwa sababu Ubwari imesimama mbele. Zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimeishi nyuma ya milima ile bila kufikiri kwamba ni yenyewe tu iliyonizibia.

Na hili ni jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nilikuwa nikiitamani kambi. Nani hutamani kambi? Ukisema hivyo mbele ya watu wazima watakuuliza kama ulisahau foleni ya mahindi, kama ulisahau kipindupindu, kama ulisahau kwamba tulikatazwa kutoka kwenda hata kutafuta kuni. Sikusahau. Lakini ndiko nilikojua kila njia, na kila mlango ulifunguliwa na mtu niliyemjua. Tulipopanda meli ya kurudi, watu wazima waliimba, na sisi watoto tuliambiwa tunakwenda nyumbani. Nilikwenda nyumbani nikiwa mgeni. Shuleni Baraka nilisoma kwa Kifaransa nisichokijua, na wenzangu waliniita Mutanzania.

Kisiwa kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukianza kukizunguka na muhogo wa kuchoma mkononi, unarudi ulikoanzia hujaumaliza. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, gati la kwanza la mzee lilikuwa chini ya maji, na tulishukia kwenye mawe. Dada yake alinipokea, akanitwalia mfuko wa unga, akacheka.

"Mama yako iko na wasiwasi," akasema. "Huku hatukufi na njaa. Ingia."

Alinipa chumba cha mwisho, chenye kitanda cha mbao na neti nyeupe. Sikuwahi kulala katika chumba ambacho mtu alikipanga kwa ajili ya starehe yangu. Kulikuwa na kikombe juu ya meza, taulo iliyokunjwa, na kiti kilichoelekezwa dirishani. Dirisha lenyewe lilitazama mashariki. Niliketi kwenye kile kiti na nguo zangu za safari hadi dada ya mzee alipokuja kuniambia chakula kinapoa.

Kazi ilikwenda polepole kwa sababu ya simu. Mtandao haukupatikana ila juu ya jiwe moja kubwa upande wa mashariki, nao haukuwa mtandao wa Kongo. Ukipanda pale, simu inatetemeka na ujumbe unaingia kukukaribisha Tanzania. Mara ya kwanza nilipousoma ule ujumbe, nimesimama na futi ya kupimia shingoni, ilibidi nigeuke mzee asinione uso.

Kila alasiri, wakati kwa mkewe ni asubuhi, tulipanda pale sisi wawili. Mzee alikuwa amepiga picha za dirisha moja moja, na mimi nilishika vitambaa juu ili mkewe aone: buluu ambayo mzee aliichagua mwenyewe sokoni, nyeupe ya maziwa, na jora dogo la rangi ya udongo nililolichukua kwa ajili ya mapindo tu.

Siku ya kwanza yule mama alinisikiliza kwa muda, kisha akamkatiza mumewe.

"Wewe binti, ulikomalia wapi? Unasema 'dirisha hili' kama mwalimu."

"Ng'ambo, mama. Kambini."

"Kambi gani?"

Nikamwambia. Akauliza upande gani, nikamwambia chini ya zahanati, karibu na tanki kubwa.

"Yesu wangu! Mi nilikuwa juu ya zahanati, penye mikaratusi. Ulijua mama moja Mrundi, alikuwa anashona pale njiani?"

"Ndiye aliyenifundisha."

Mzee alikuwa bado ameshika picha ya dirisha la jikoni. Mkewe akamwambia, "Baba, toka kwanza mbele ya simu, nione huyu mutoto."

Yule mama Mrundi alikuwa ameolewa na Mubembe, mtu wa kabila la huku kwetu, ndiyo maana aliishi katika kambi yetu ya Wakongo. Nilikuwa na miaka kumi nilipoanza kukaa miguuni kwake baada ya shule. Alinikatia ruwaza kutoka mifuko ya unga wa msaada, akaniacha nikanyage pedali wakati yeye akiongoza kitambaa. "Polepole," aliniambia, "uzi haukimbii." Siku lori lilipotuchukua kwenda bandarini, alisimama njiani na kipande cha kazi mkononi, sindano bado imechomekwa, na hakupunga, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika nguo. Sijui alikokwenda kambi ilipofungwa. Niliuliza watu wengi. Wengine walisema Burundi, wengine walisema kambi nyingine.

Kuanzia siku ile simu zilirefuka. Tulichagua dirisha moja kwa dakika tano, kisha tukazungumza kambi kwa saa nzima: soko la Jumamosi, kwaya zilizoshindana, jinsi mvua ya kwanza ilivyonukia kwenye mabati ya zahanati. Nilikuwa sijazungumza hivyo na mtu yeyote tangu nilipotoka utotoni. Mzee alikaa pembeni akivunjavunja vijiti. Yeye pia aliishi kule miaka yote ile, lakini hakutia neno. Mara moja tu alisema, "Kule ilikuwa shida tu," akashuka kwenda kuangalia injini yake.

Walivyotengana alinieleza dada yake, tukichagua ndagala barazani. Familia ilikubaliwa kwenda Amerika. Mke na watoto walitaka, mzee alikataa. Alisema ametumia miaka mingi akiwa mkimbizi na hatakwenda kuwa mkimbizi wa mbali zaidi. Wakakubaliana kwamba yeye arudi ashike ardhi, mke awafikishe watoto, kisha aje. Sasa ilikuwa imepita miaka sita.

"Alianza kujenga hii nyumba mwezi ule ule bibi yake alipanda ndege," akasema. "Wageni ni kisingizio. Hii nyumba inangoja mutu moja."

Wiki ya pili walikuja maharusi wawili waliofunga ndoa kanisani Fizi, watu wa milimani ambao hawakuzoea maji. Walikaa siku mbili. Mume alimshika mkewe mkono hadi maji yakafika magotini, wakasimama pale wakicheka kila wimbi lilipowagonga, hawakuthubutu kwenda mbele wala hawakutaka kutoka. Mzee aliwatazama kutoka barazani. Walipoondoka alikwenda akapanga upya viti viwili walivyovikalia, ingawa vilikuwa vimepangwa vizuri.

Madirisha saba yanayotazama Ubwari, mkewe aliyakubalia buluu bila ubishi. Alipofika kwenye manne yanayotazama ziwa pana, alikataa.

"Hapa weka ile nyekundu ya udongo."

"Ile ni ya mapindo," mzee akasema. "Na chumba itakuwa giza."

"Weka tu, baba."

Mzee alinitazama kama mtu anayeomba msaada. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Ilikuwa rangi ya njia zetu kule, rangi iliyokuwa haitoki kwenye soksi. Jora halikutosha, kwa hiyo asubuhi iliyofuata mzee alikwenda Baraka kuniongezea kitambaa, na kutia mafuta katika kijiji cha Swima wakati wa kurudi. Aliniachia simu.

Alasiri ile mkewe alipopiga, aliuliza kwanza kama niko peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasogeza simu mbali kidogo, nikaona jiko lake, na dirisha lenye theluji chafu pembeni.

"Binti, mi sitakuya kukaa pale," akasema.

Nikauliza kama anaumwa.

"Siumwi. Niko na mutoto kule kwa udongo. Wa kwanza wetu. Homa, siku tatu. Tulimzika nyuma ya mikaratusi. Baba yake hasemi jina yake tangu siku ile. Anasema tumerudi, basi tumerudi. Sasa mi nikae kisiwani, kila asubuhi naona ng'ambo, na mutoto wangu iko kule mwenyewe? Siwezi."

"Kwa nini basi unachagua rido, mama?"

"Juu akiniuliza dirisha, anacheka. Hakuwa anacheka kwa simu. Tulikuwa tunasalimiana tu, bei ya mafuta, watoto wazima, basi. Usimwambie."

Nikaahidi. Nikashuka kwenye jiwe. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba hamu ya kambi ni ujinga wangu wa mtoto aliyelelewa pabaya. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna waliolazimika kuacha watu kule.

Mzee alirudi na kitambaa. Nilishona siku tatu bila kuinua kichwa. Siku ya kutundika rido za mwisho, alikuwa juu ya ngazi katika kile chumba kikubwa cha wenyewe, anasokomeza fimbo kwenye ndoano, mimi namshikia chini.

"Fundi," akasema, bila kuniangalia. "Anakuya?"

"Hilo muulize mwenyewe, baba. Mimi nashona."

"Nimemuuliza miaka sita. Nyinyi munazungumza kila siku. Nimeuliza wewe."

Fimbo ilikuwa imeshaingia lakini hakushuka. Niliona shingo yake kwa nyuma, jinsi ilivyokonda. Najua niliahidi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vibaya.

"Baba, acha kumuuliza kuhusu kuja. Muulize kuhusu mtoto."

Akashuka, akapita kando yangu, akaenda zake. Siku ile hakula nasi, na siku iliyofuata hakunisemesha. Dada yake aliniuliza nimemfanya nini, nikamwambia ukweli, naye akaketi chini kwenye kizingiti cha jiko akajifunika uso na kitenge. "Hata mimi sikuthubutu," akasema.

Siku ya pili alasiri nilimwona mzee kupitia dirisha la chumba changu. Alikuwa amepanda jiwe peke yake. Sisi tulizoea kuishika simu mbele ili kuonana na mtu, lakini yeye aliishika sikioni, na mkono wa pili ulikuwa juu ya kichwa. Alikaa hivyo mpaka jua likashuka nyuma ya Ubwari na kisiwa kikaingia kivulini. Nilifunga ile rido mpya, si kwa sababu ya jua.

Asubuhi alinirudisha Baraka. Ziwa lilikuwa tulivu. Tulipokaribia kuizunguka ncha, kabla milima haijafichika, alizima injini, tukaelea.

"Alikuwa na miaka sita," akaniambia. "Alikuwa anapenda kunibebea spana."

Kisha akavuta kamba, injini ikawaka.

Mkewe alikuja kiangazi kilichofuata. Nilikwenda kumsalimia kisiwani, naye alinikumbatia kama mtu tuliyelala naye nyumba moja, ingawa hatukuwahi kuonana. Alikuwa mfupi kuliko kwenye simu. Alinishika mkono tukapita chumba hadi chumba, akigusa mapindo, akasema mama Mrundi angeridhika isipokuwa na kona moja ya rido ya jikoni, na alisema kweli, ile kona niliiharakisha. Alikaa wiki tatu. Dada ya mzee aliniambia kwamba walikuwa wakinywa chai kwenye jiwe kila siku na kugombana kuhusu mambo madogo kwa furaha kubwa.

Kisha wakavuka pamoja kwenda Kigoma, na kutoka pale kwa gari hadi mahali kambi ilipokuwa. Walinialika. Nilikuwa na oda ya sare za shule nzima na tarehe ilikuwa karibu, lakini hiyo si sababu ya kweli. Niliogopa. Nilijua kambi ilifungwa na nyumba zilirudi kuwa udongo, nami nilikuwa bado na njia zote kichwani.

Mzee alirudi peke yake, mkewe alipandia ndege kule kule. Alipita kibandani kunieleza. Alisema mikaratusi mingi imekatwa, lakini visiki vilichipua na kwa visiki hivyo walipata mahali pa kaburi. Walisafisha kwa siku mbili, wakaweka mawe. Nikamuuliza kuhusu tanki, akasema msingi wake upo, watu wanaanika mihogo juu yake. Nikamuuliza kuhusu ile njia ya mama Mrundi.

"Njia haiko tena, mwanangu," akasema. "Ni mahindi tu. Lakini mahindi mazuri."

Sasa kila kiangazi huvuka, na mkewe hushuka Kigoma. Hukutana kwanza pale kaburini, kisha huja kisiwani pamoja kwa wiki chache, kisha huachana tena. Si maisha ambayo mzee aliyajengea nyumba ile. Lakini anasema sasa anajua tarehe ya kukutana, na zamani hakuijua.

Mwaka jana aliniambia nije nikae siku mbili kama mgeni, bila cherehani, na nimlete mama. Mama alikubali baada ya kuulizwa mara tatu. Dada ya mzee alitupikia kuhe, samaki wa ziwani, kwa mawese, na asubuhi iliyofuata tulitoa viti hadi barazani. Mimi nilikielekeza changu mashariki. Asubuhi ile milima ilionekana vizuri, na nilimwonyesha mama.

Aliitazama kidogo, akatikisa kichwa.

"Miaka kumi na minne nilikaa upande ule nikitafuta huku," akasema. "Kila siku nilipanda kile kilima cha kuni, askari wananifukuza, nasimama tu pale nitafute Ubwari. Siku nyingi sikuiona. Wewe ulidhani nakwenda kutafuta kuni."

"Sikujua, mama."

"Ungejuaje? Ulikuwa unacheza."

Akanyanyuka, akashika kiti chake mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akakizungusha hadi kikatazama magharibi, akaketi, akavuta kitenge juu ya magoti. Tulikaa hivyo asubuhi nzima, migongo yetu karibu kugusana, tukimenya karanga kutoka sahani moja, na kila mmoja akimweleza mwenzake anachokiona.